Fedha za Kasino Zilizokurudisha Kwetu

Baba yangu,

Tangu tukuzike nimekuwa nikizungumza nawe kimoyomoyo. Leo nimeona afadhali niandike, maana nina shukrani nyingi.

Unakumbuka nilipopata kazi ya kuosha vyombo katika kasino ya Wadakota, wenyeji wa asili wa huku Minnesota? Wewe ulikuwa mchungaji wa kanisa letu dogo pale Burnsville. Uliniambia ninajilisha kwa machozi ya watu. Na kweli machozi yenyewe nilikuwa nimeyaona: wazee waliotoka pale wameishiwa, wakitafuta funguo za gari. Lakini nilitaka kusomea uuguzi, na chuo kilitaka karo. Basi tukaishi fleti moja, wewe, mimi na Mama, tukisalimiana kama wapangaji.

Kisha asubuhi moja ya Januari ukaanguka ukiondoa theluji kwenye gari. Nilipiga simu, nikashuka mbio bila koti. Wahudumu wa gari la wagonjwa walikufungua shati palepale chini, wakaushtua moyo wako kwa mashine mara mbili. Mara ya pili ukavuta pumzi.

Ulipopata nafuu ulitaka kuwashukuru. Nikakupeleka kituoni kwao na chapati ulizosisitiza nizipike mwenyewe. Dereva alizipokea kwa aibu, akasema shukrani nyingine ziende kwa Wadakota. Gari lile na mashine ile walivinunua kwa fedha za kasino, wakaupa mji bila kudai chochote.

Tukarudi garini. Ndipo ukauliza, "Kule kazini, mkubwa wako ni nani?"

Nikakuambia ni Doreen, mama wa Kidakota. Ukataka kumwona. Tulipitia mlango wa jikoni, kwa kuwa hata siku hiyo ulikataa kuukanyaga ukumbi wa kamari. Ulivua kofia, ukamshukuru kwa Kiingereza chako cha polepole. Doreen alifuta mikono kwenye aproni, akakueleza kwamba utotoni mwake nyumbani hakukuwa na maji ya bomba, na msaada ulitoka kwa wengine, mara nyingine pamoja na masimango.

"Sasa na sisi tunaweza kutoa," akasema. "Jirani ni jirani."

Jumapili iliyofuata ulisimama mbele ya waumini. Ulisema kamari huipendi wala hutaipenda. Kisha ukanitazama.

"Lakini nilimhukumu binti yangu, na nikawahukumu watu ambao sikuwahi hata kuwasalimu. Naomba mnisamehe."

Sijawahi kulia kanisani kama siku ile.

Ulipewa miaka mitatu zaidi. Uliniona nikivaa sare ya uuguzi. Ulimbeba mwanangu, ukimsemesha Kitaita, lugha ya kwetu, naye akikujibu kwa Kiingereza, na kila mmoja akiona ameeleweka. Miaka hiyo yote tulipewa na watu ambao hawakujua hata majina yetu.

Siku ya mazishi Doreen alikuja, akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mzee wetu wa kanisa, yule aliyeichukia kasino kukushinda wewe, alimfuata, akamshika mkono, akamleta hadi kwenye viti vya familia. Doreen akakaa kati yangu na Mama. Mama akamwegemea begani, ibada nzima.

Pumzika, Baba. Nilikusamehe hata kabla hujaomba.

Mimi bintiyo, kifunguamimba wako