Mgongo wa Mkwe

Ilula, 8 Aprili 2024

Kwako Eveline,

Kamwene, mwanangu. Hujambo na watoto? Mimi mzima, ila nina hasira na sitaki kukuficha. Simu zako naziona, sipokei kwa makusudi. Kwenye simu utalia, nami nitalainika kabla sijamaliza kusema. Barua hii anakuletea Shedrack, yule anayepeleka nyanya huko Mbalizi.

Mlikuja na gari mkasema, "Mama, Pasaka hii tunakupeleka msituni." Nilifurahi mno. Huko ndiko tulikoishi kabla ya kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, na huko ndiko alikolala kaka yako Ezekia, aliyefariki wewe hujazaliwa. Nilikwambia macho yangu yanaingia ukungu, na kaburi lile nalijua mimi peke yangu. Nataka niliguse kabla sijashindwa kuliona. Nilikwambia, Eveline, usijifanye umesahau.

Gari likanasa kwenye tope pale chini ya mlima. Mkanifungia vioo mvua isinipige, mkaniachia soda na biskuti kama mtoto wa chekechea, mkapanda wote. Mkarudi mnacheka, mnanionyesha picha za maporomoko. Mimi nilifuata maporomoko?

Mama yako

---

Mbalizi, 14 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, wajukuu wanakusalimu. Magoti yanaendeleaje?

Mama, umenisema kama mtu baki. Mlima unateleza, mvua haikatiki, na wewe hata ngazi za kanisani unashikwa mkono. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni. Ningekubeba na nini?

Na kwa kuwa umeanza, acha nimalize. Mume wangu Alinanuswe aliniita pembeni akaniuliza, "Nimbebe mama?" Nikamkatalia. Mkwe ambebe mama mkwe mgongoni, mbele ya watoto! Nani alinifundisha kwamba ukikutana na mkwe njiani unaingia shambani mpaka apite? Nani alikaa kiti cha nyuma kabisa safari nzima, kajifunika khanga usoni, kwa sababu anayeendesha ni mkwe? Nimekulindia heshima yako, halafu mbaya ni mimi. Na mimi nina hasira, mama.

Mwanao, Eveline

---

Ilula, 18 Aprili 2024

Eveline,

Salamu leo utaniwia radhi.

Kumbe mgongo ulikuwepo! Mwanaume alijitolea, ukamzuia, na mimi niliyekuwa ndani ya gari hakuna aliyeniuliza. Heshima hiyo ni yangu. Ningeiweka kando mwenyewe palepale, nikashuka na kuichukua tena. Mwambie mumeo nimemruhusu, aje.

Mama yako

---

Mbalizi, 23 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Barua nimeisoma na simwambii. Ndugu zake wakisikia nitaiweka wapi sura yangu? Subiri kiangazi, njia ikauke, tutakuja.

Mwanao, Eveline

---

Ilula, 6 Mei 2024

Eveline,

Natumaini mmeamka salama. Mimi nimeamka na mafua, nililoana, lakini nimelala vizuri.

Kiangazi! Macho yangu yanajua kiangazi? Ulipokataa, nilimtuma Shedrack akamwambie mumeo kwa mdomo, maana mimi na yeye hatusemeshani. Ile safari aliyokuaga kwamba anakwenda Madibira kuangalia mpunga, alikuja kwangu.

Pale chini ya mlima alichuchumaa akanipa mgongo, wala hakugeuka. Shedrack akaweka blanketi katikati yetu, nikapanda. Njia nzima mkwe alikuwa anahema tu. Nikitaka aende kulia namwambia Shedrack, Shedrack anamwambia yeye, na wote tuko mahali pamoja. Pengine mngetuona wajinga, lakini tulifika.

Mawe bado yapo. Nilipiga magoti kwenye matope nikayashika, nikalia kwa sauti, jambo ambalo sikuruhusiwa wakati ule, maana lori la kutuhamisha lilikuwa linatungoja na wanaume walikuwa wanatupigia kelele tupande. Mumeo alisimama mbali, kanigeuzia mgongo. Nilipomaliza, aliuambia mti uliokuwa karibu yake, "Wewe mti, mwambie mama njia nimeishika."

Kwa hiyo kaburi la kaka yako sasa analijua mkwe. Macho yangu yakizima, yeye ndiye atakayewapeleka watoto. Wewe siku ukitaka kulijua, usinipigie simu mimi. Muulize mumeo.

Mama Ezekia