Mashine ya Viberiti Arobaini

Jumatatu, 1 Agosti 1966
Mwalimu wangu wa Nairobi anataka mradi: nioneshe kompyuta inavyofanya kazi ndani, hatua kwa hatua. Kompyuta nimeiona pichani tu. Basi naiigiza. Viberiti vitupu arobaini mkekani – hiyo ndiyo kumbukumbu. Kila kimoja kina namba, na karatasi ndani. Dada yangu Ebla anasoma amri nilizoandika, anahamisha karatasi. Hooyo, mama yetu, kauliza kama Nairobi wote wanasomea viberiti.

Alhamisi, 4 Agosti
Saba kujumlisha tano. Dakika kumi na moja. Jibu: kumi na tatu. Ebla anasema kosa liko kwenye amri zangu. Kweli.

Jumamosi, 6 Agosti
Kumi na mbili!
Jama, karani wa chifu, alikuwa anakagua nyumba. Akakaa, akatazama yote. Akauliza kama inaweza kulinganisha orodha mbili. Nikasema hiyo ni kazi ndogo. Mdomo wangu huu.
Orodha zake: namba za wanaume walioandikishwa Garissa, na za waliofika kuripoti Ijumaa, kuthibitisha hawajaenda kwa shifta. Mia tatu, zimechanganyika, na yeye zimemshinda. Tuanze na kumi na nane za mtaa wetu, anasema.
Kaka yetu Billow hajaripoti tangu Juni. Hatujui yuko wapi. Au tunajua, hatusemi.

Jumanne, 9 Agosti
Nilimwambia Jama mashine haijawa tayari. Akasema, “Walaal, ndugu yangu, nimeiona kwa macho yangu.” Atakuja keshokutwa.
Nyumba ya jirani yetu Sugow, mtu mmoja tu hakuripoti. Mbuzi wote walichukuliwa. Sugow mwenyewe bado yuko korokoroni.
Hooyo hali chakula. Ebla ameomba karatasi ya amri, ameisoma mchana kutwa.

Alhamisi, 11 Agosti
Jama yuko mkekani. Anataka kufungua viberiti mwenyewe. Ebla anamsomea amri. Mimi naandika ili nionekane nanakili matokeo.
Namba kumi zimepatikana kwenye orodha ya Ijumaa. Ya kumi na moja pia. Ya kumi na mbili ni ya Billow.
Amri niliyoandika hapo: kama haipo, itoe nje. Ebla, bila kuinua macho, amesoma: “Rudisha zote. Anza mwanzo.”
Jama amerudisha karatasi moja moja, kwa adabu. Ameuliza kazi hii huchukua muda gani.
“Inategemea,” Ebla kasema.
Hooyo kaleta chai. Wamefika tena ya kumi na moja.