Huyo Ni Wetu

3 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Nianze na lile utakalolitafuta kwanza: mimi ni mzima, sina hata mkwaruzo. Ninyi hamjambo? Shangazi na goti lake? Na tanuri la mikate, mgonjwa wako wa kudumu, linaendeleaje?

Usishtuke, Baba. Juzi jengo la maabara hapa chuoni limeungua, pamoja na maktaba iliyokuwa ghorofani. Wanasema ni hitilafu ya umeme. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini kilichobaki ni kuta na harufu. Chupa zangu zote za maji ya visima, nilizozikusanya kwa ajili ya utafiti wangu wa mwisho, zimekwenda. Nililia, halafu nikacheka. Maji kuunguzwa na moto, uliona wapi?

Mkuu wa chuo, yule mama asiyecheka ovyo niliyekuhadithia, alitukusanya uwanja wa mpira. Blauzi yake nyeupe ilikuwa na masizi mpaka kwenye kola. Akasema, "Anayetaka kwenda nyumbani aende, hakuna wa kumlaumu. Atakayebaki, kesho asubuhi aje bwaloni na kalamu." Akashuka. Hotuba nzima ilikuwa ndiyo hiyo.

Mimi nilikwenda na kalamu.

Mwanao,
Chiriku


12 Februari

Chiriku,

Marahaba. Huku sisi wazima. Goti la shangazi yako linauma akiombwa kufagia tu. Akialikwa harusini linapona.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Mwanangu, rudi nyumbani. Moto naujua mimi, nimesimama mbele ya tanuri tangu sijaota ndevu. Ukishakula jengo hauachi cha kuanzia. Sasa hiyo kemia mtasomea wapi, jikoni? Mganga wa zahanati hapa jirani anatafuta mtu wa kumsaidia vipimo. Nimeshaongea naye, anakungoja. Ulichosoma kinatosha. Tangu mama yako atutoke, nyumba hii ina sauti moja, nayo ni ya shangazi yako.

Fungasha. Nitakupokea stendi.

Baba yako


22 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na safari hii umekaa.

Sirudi, Baba. Nikasirikie ukitaka, lakini nisikilize kwanza. Umeuliza kama tutasomea kemia jikoni. Hapana, tunasomea chumba cha kufulia nguo. Kina mabomba, kina masinki, kina madirisha makubwa. Mwalimu wetu amechora mstari wa chaki sakafuni: upande huu asidi, upande ule mashuka ya bweni. Wiki iliyopita mtu alikosea upande, na sasa mimi nalala kwenye shuka lenye matundu kama wavu wa goli. Wanafunzi wa sheria wanasomea ngazini. Wauguzi wamepewa stoo ya viti.

Nimeanza kukusanya maji upya, kisima kwa kisima, kwa miguu. Wewe mwenyewe ulinilea ukiniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikirudi leo, maisha yangu yote watu watasema, yule karibu amalize. Sitaki kuwa karibu, Baba. Nataka kumaliza.

Msalimie mganga. Mwambie asiningoje.

Mwanao,
Chiriku


9 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako sijaiona tangu Februari. Nimeuona mkate.

Ilikuwa hivi. Darasani kwetu kuna kijana tunamwita Mnara kwa urefu wake. Daftarini jina lake ndilo linalofuata langu. Alikwenda stendi kwa shughuli zake, kondakta wa basi la kutoka huko akamwuliza kama anamjua msichana wa maji, yaani mimi. Akarudi na kreti ya mikate kichwani, harufu ya tanuri bado haijaitoka. Nilipoona ile mikato miwili ya kupishana juu ya kila mkate, nilijua ni mkono wa nani. Nikaichakura kreti mpaka chini. Barua hamna.

Na sasa ni kila wiki. Mnara ndiye mpokeaji, hakuna aliyemtuma, amejituma. Kwa kuwa bwalo limegeuka darasa, jiko linapika mara moja tu kwa siku, hivyo asubuhi zetu ni mkate wako. Wauguzi wamenusa, wakaja. Watu wa sheria nao wakaja, wakiwa na hoja. Unaitwa Baba Mikate, chuo kizima. Kengele, ninayeishi naye chumbani, anasema kama huku ndiko kununa, Mungu akuzidishie.

Lakini mimi nataka barua, Baba. Hata ya kunigombeza.

Mwanao,
Chiriku


18 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Hujambo? Najua hujambo, maana mkate wa wiki hii umeumuka vizuri. Mtu mgonjwa hakandi hivyo.

Ngoja nikupe habari, ujibu usijibu. Timu yetu ya mdahalo imekwenda kushindana na vyuo vyenye maktaba, sisi tusio na kitabu hata kimoja, na imerudi na kombe. Wamelitia kwenye dirisha la bwalo, karibu na chumvi. Wauguzi wetu walipita kata nzima wakichanja watoto, na mkuu wa hospitali kawaandikia akiomba wabaki huko huko. Mnara amebuni chujio la mchanga na mkaa la kusafisha maji ya kisima. Nililipima mimi mwenyewe mara tatu, nikitafuta kosa, nikalikosa. Na Kengele, ambaye mwezi wa pili alikuwa na begi mkononi tayari kuondoka, ameongoza mitihani.

Utafiti wangu umefika pale ulipokuwa kabla ya moto. Nimeupita, kusema kweli. Safari hii nilijua cha kutafuta.

Ningependa uyajue haya kutoka kwangu na si kutoka kwa kondakta.

Mwanao,
Chiriku


2 Julai

Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Sote wazima.

Najua unajiuliza mbona natuma mkate na barua situmi. Hasira ni zangu, njaa ni yako. Sikuona kwa nini nizichanganye.

Mwanzo nilikuwa nimekasirika kweli. Kila nikishika kalamu neno lililokuja ni "rudi", na hilo ulikwisha kulijibu. Baadaye hasira ziliisha, ikabaki aibu ya mtu aliyenuna muda mrefu, asijue pa kutokea. Wewe unanijua. Barua yako ya Juni ndiyo iliyonifungulia mlango. Nimeisomea wateja wote, na wasiotaka kusikia nimewacheleweshea mkate mpaka wakasikia. Habari ya kombe na chumvi nimeirudia mpaka shangazi yako ameomba niirudie nje.

Nilikuambia moto hauachi cha kuanzia. Nilikosea. Umeacha watu. Endelea, mwanangu, maliza. Na mwambie huyo Mnara kreti zirudi, nimebakiwa na mbili.

Baba yako


5 Novemba

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena! Hamjambo nyote? Kaa chini.

NIMEMALIZA. Nimefaulu, na wa darasa letu waliobaki wamefaulu wote. Hata mkuu wa chuo alicheka. Niliona meno yake kwa macho yangu.

Mahafali ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa tatu asubuhi. Lazima uje, na nakuambia kwa nini. Chuo hiki kina desturi yake tangu kilipoanzishwa. Jina la mhitimu likiitwa, hapandi jukwaani. Anasimama chini ya ngazi, na ukumbi wote unanyamaza, mpaka mtu wa kwao ainuke na kuitikia, "Huyo ni wetu!" Hapo ndipo anapopanda. Mwaka wetu wa kwanza nilimwona dada mmoja akiitikiwa na bibi yake, sauti nyembamba kama uzi, na nikasema moyoni, siku yangu ataitikia Baba, na madirisha yatatikisika.

Najua tanuri. Lakini njoo.

Mwanao,
Chiriku


14 Novemba

Mwanangu Chiriku,

Marahaba mara zote ulizosalimia, na hongera mara hizo na zaidi. Nimelia kwenye unga. Wateja wamekula mkate wenye chumvi kidogo, hawakulalamika.

Tanuri unalijua. Likipoa matofali yake hunywea, na kulirudisha ni kulibembeleza siku kadhaa kwa moto mdogo, ukiharakisha linapasuka. Shangazi yako anajua kuuza, lakini moto haumsikii. Nimelizima mara moja tu maishani, tulipomzika mama yako.

Safari hii nitalizima kwa furaha. Nitaoka kwa mara ya mwisho usiku wa Alhamisi, nigawe mtaa mzima, Ijumaa nipande basi. Suti ya harusi yangu imekubali, isipokuwa kifungo kimoja. "Huyo ni wetu." Najizoeza nikiwa nakanda. Paka wa jirani ameshahama.

Baba yako


2 Desemba

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Uliponikimbilia pale nje kunikumbatia, nilisingizia basi na tanuri nikaondoka kabla hujafungua mdomo. Sikuweza kukutazama. Nadhani unajua, lakini acha niseme mwenyewe. Nililala, Chiriku.

Saa nne asubuhi ndiyo saa ya mwokaji kulala. Imekuwa hivyo tangu nianze kazi hii. Usiku wa Alhamisi nilioka, usiku wa Ijumaa nilikuwa basini nikikodoa macho kwa furaha. Kisha nikawekwa kwenye kiti chenye mto, ukumbi una joto kama la bekari, na yule mama mkuu ana sauti tulivu. Mara ya mwisho nakuona ulikuwa kwenye mstari umevaa joho. Usingizi ukanipitia.

Nikazinduka kwa kelele, kofia yangu iko sakafuni. Nainama kuiokota, nainuka, nasikia kimya. Kimya cha kumngoja mtu. Nikajua ndiyo zamu yangu. Nikaruka juu na kuitikia kwa nguvu zangu zote, mpaka mzee wa mbele yangu akadondosha miwani. Natazama ngazini, anayepanda ni mwanaume, mrefu kama nguzo ya umeme. Na wewe uko upande wa pili, umeshashuka, cheti mkononi.

Nimezima tanuri nije kukuitikia, nikamwitikia mtoto wa watu. Wewe jina lako limeitwa, ukasimama chini ya ngazi peke yako. Nisamehe, mwanangu. Hata mama yako, alipo, najua amenikunjia uso.

Tanuri nimeanza kulipasha. Linaniangalia vibaya na lenyewe.

Baba yako


9 Desemba

Baba yangu, Baba wa usingizi,

Shikamoo. Goti la Shangazi halijambo? Sasa keti, tena usilale, nikuhadithie mahafali yangu, maana naona hukuwapo.

Kwanza mkuu alihutubia. Alisema, "Mwaka huu tulipoteza jengo. Nilikuwa na hofu tungepoteza na chuo. Lakini nimewaona wakitafuta majibu kati ya mashuka na sabuni, wakibishana ngazini, wakikosa usingizi na kukosa vitabu na wasikose darasani. Nimefundisha watu wengi. Sijawahi kujivunia wowote kama hawa." Watu walisimama kupiga makofi. Wewe ulikoroma, kwa adabu.

Jina langu likaitwa. Nikasimama chini ya ngazi. Kimya. Nikageuka, nikakuona kidevu kifuani, kofia inateleza gotini. Sikukasirika, Baba, naapa. Nilikuona ulivyochoka kwa ajili yangu, na nilitaka kuja kukuwekea kitu mabegani. Lakini kile kimya ni kirefu ukiwa ndani yake.

Kengele naye akakutazama. Akainuka. Halafu darasa letu likainuka, viti vikaburuzwa, wakafuata wauguzi, na watu wa sheria, na wapishi waliokuwa mlangoni, wote waliokula mkate wako mwaka mzima. Wakaitikia pamoja, "Huyo ni wetu!" Madirisha yalitikisika, kama nilivyotaka. Kelele iliyokuzindua ilikuwa hiyo, Baba. Ulikuwa unaamshwa na watu uliowalisha. Mimi nilipanda ngazi sioni mbele kwa machozi, na sijui mpaka leo nilimpa mkuu mkono upi.

Ndipo likaitwa jina linalofuata langu. Yule mrefu kama nguzo ni Mnara, aliyebeba kreti zako kutoka stendi kila wiki. Mama yake ndiye mtu pekee aliye naye, na mama yake ni mgonjwa, hawezi safari. Alituambia asubuhi ile tusimwitikie kwa huruma, akiitwa na kimya kikizidi, atapanda tu mwenyewe. Akasimama pale mikono nyuma, anatazama viatu vyake. Na kutoka katikati ya ukumbi akaruka mzee wa suti isiyo na kifungo, kofia mkononi, akanguruma kama anayedai haki yake.

Ungemwona uso, Baba. Nimemjua kijana huyu miaka yote ya chuo, sikuwahi kumwona akipanda ngazi mbili mbili.

Usiombe tena msamaha. Nimeajiriwa hapa hapa kupima maji, naanza mwezi ujao, lakini kwanza nakuja nyumbani kukuona, na siji peke yangu. Kreti zako zilizobaki huku zinarudi kichwani mwa Mnara. Jana aliniuliza, kwa aibu, kama mzee aliyemwitikia ni baba wa nani, maana anataka kwenda kumshukuru na hajui amwiteje.

Nikamwambia, huyo ni wetu.

Mwanao,
Chiriku