Boliti Nne Chini ya Lori

Kwako dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wanao. Natumaini hamjambo nyote, na kile kikohozi cha mdogo wao kimeshapoa. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini, narudi. Ukinidadisi zaidi ya hapo nitakosa la kukuambia, maana kwa mwaka mzima na miezi kadhaa sasa siku zangu zimekuwa hivyo hivyo, haziniumi wala hazinifurahishi. Mama anasema nimenenepa. Huenda ni kweli.

Barua yako niliipata Jumanne. Karani wa ofisini aliileta mpaka gereji, akanitania mbele ya wenzangu kwamba siku hizi anayeandikiwa barua kwa mkono lazima ana mpenzi wa siri. Nikacheka pamoja nao. Umesema umeandika kwa sababu shemeji anashinda nyumbani mchana kutwa na nyumba yenu haina kona ya kuongelea simu. Ni vizuri hukupiga. Kwenye simu mtu hujibu upesi, na mimi ningekudanganya.

Nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Umeniuliza swali moja tu: je, lori lililovutwa handbreki linaweza kutembea lenyewe? Umesema nikijibu kwamba haiwezekani, utafungasha vitu, utawachukua watoto na kuja kukaa kwangu. Mume aliyesahau, umesema, ungemsamehe zamani. Lakini mume anayekutazama usoni kila siku na kuapa kwamba alivuta, ilhali mzee wa watu yuko kaburini, huyo umemchoka. Na umesema jibu langu litakutosha, hutauliza fundi mwingine. Hapo ndipo uliponipata, dada.

Basi nivumilie, maana jibu lenyewe lina safari. Lori kubwa lina breki za upepo. Ukikanyaga pedeli, upepo unatoka kwenye matenki na kusukuma breki. Hiyo ni ya mwendo. Breki ya kuegesha ni kinyume chake. Nyuma ya kila gurudumu la nyuma kuna chemba, kopo kubwa la chuma, na ndani yake imelala springi nene yenye nguvu za kumvunja mtu kifua ikifyatuka. Springi hiyo ndiyo inayobana gurudumu. Upepo kazi yake ni kuizuia isibane. Dereva akivuta handbreki, anachofanya ni kuuachia ule upepo tu, unatoka pshii, na springi inabana yenyewe. Watu hudhani upepo ukiisha lori litakimbia. Upepo ukiisha, lori linaganda palepale.

Asubuhi ya siku ile ya ajali shemeji aliingia gereji akiwa na furaha zake. Aliniambia lori lake limeanza kukoroma kumshinda yeye, na kama sisadiki nikuulize wewe. Nilitambaa chini na ndoo ya povu la sabuni, nikapaka kwenye viungo vyote vya mipira ya upepo, na pale juu ya ekseli ya nyuma povu likachemka. Ilikuwa valvu. Ile ni valvu inayokaa karibu na magurudumu, ikipata habari kwamba dereva amekanyaga pedeli huko mbele, inaachia upepo wa tenki lililo jirani ili breki za nyuma zisichelewe. Raba yake ya ndani ilikuwa imeliwa. Nikamwambia shemeji akapumzike, kazi ni ya saa mbili.

Ila lori lilikuwa limesimama katikati ya mlango. Msimamizi wetu, huyu tunayemwita Kipimo kwa kuwa haamini kitu mpaka akione kwenye geji, alitaka mlango uwe wazi, kuna tela lilikuwa linasubiri kuingia. Na mimi nilikwishatoa upepo wote, magurudumu yamebanwa. Hali ikiwa hivyo tuna namna yetu. Tunachukua boliti ndefu, tunaipitisha nyuma ya chemba, tunakaza nati yake mpaka springi inavutwa na kushikiliwa huko nyuma, gurudumu linaachia. Chemba nne, boliti nne. Tukalivuta lori pembeni kwa mnyororo.

Gereji yetu ina desturi moja ambayo hata fundi mlevi haivunji. Aliyeweka boliti huchukua ufunguo wa lori na kuutia mfukoni mwake, na hautoki mpaka boliti zitoke. Lori lenye boliti pedeli yake inafanya kazi vizuri kabisa, dereva hawezi kujua chochote barabarani. Ni kuegesha ndiko hakupo.

Nikafunga valvu mpya. Niling'oa vifuniko vya plastiki vinavyozuia vumbi, nikaunganisha mipira mmoja mmoja kwa alama nilizotia kwa chaki, nikajaza upepo. Povu halikutoa hata kipovu kimoja. Nikamwomba mwenzangu akanyage pedeli, nami nikalala chini nasikiliza: inashika, inaachia, inashika, inaachia, safi kama saa. Nilifurahi, dada. Ndiyo furaha ya mwisho ninayoikumbuka. Shemeji akaja akisema mzigo unamsubiri na amechelewa, akanipiga begani, akasema nina mikono ya daktari. Nikampa ufunguo. Kwenye kadi ya kazi kuna mstari unaouliza kama handbreki imejaribiwa. Nikatia tiki.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wenu. Aliegesha kwenye mteremko wa lile ghala, akaingia ndani na makaratasi. Lori likarudi nyuma polepole, bila kelele, likambana mlinzi wa geti ukutani. Mzee alikuwa ameketi anatengeneza redio yake. Alikaa siku mbili hospitalini. Mimi nilikwenda kuzika, ukaniona nimeshika koleo, ukaniambia baadaye kwamba nilikuwa imara kuliko wanaume wote pale. Haukuwa uimara. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na nilikuwa nangoja maumivu yaanze. Hayajaanza mpaka leo.

Mahakamani nilikaa nyuma yako. Shemeji alipoulizwa ana hakika gani kwamba alivuta, akasema aliisikia, na akaiga ile sauti kwa mdomo, pshii, na watu wakacheka. Hakimu mwenyewe akainamisha uso. Wewe uliufunika wako kwa mtandio. Mkaguzi wa magari akasoma ripoti yake kwamba amelijaribu lori lile, handbreki inashika barabara, haina kasoro, kwa hiyo haikuvutwa. Wakamfunga miezi minane na leseni wakaichukua. Ametoka, na umeniandikia kwamba anakaa kwenye kiti kile kile cha dirishani, na kwamba wakati mwingine unamsikia peke yake akiitoa sauti ile.

Sasa nakujibu.

Alivuta, dada. Na alichokisikia alikisikia kweli, maana upepo ulitoka kama kawaida. Springi ndizo hazikubana, kwa sababu zilikuwa zimeshikiliwa na boliti zangu. Sikuzitoa. Nilisahau, nikampa ufunguo, nikatia tiki kwenye kitu nisichokijaribu. Kukijaribu kungechukua muda wa kuhesabu mpaka ishirini.

Kama ingeishia hapo, pengine ningekuja kwako siku ile ile na kulia. Haikuishia hapo. Jioni lori lilipovutwa kurudishwa gereji, Kipimo aliniambia nipite chini nitazame breki kabla mkaguzi hajaja asubuhi, maana breki ni zangu. Nilipoingia nikaziona zote nne zimechomoza, nati zake zinang'aa. Habari za mlinzi nilikuwa nazo, na za shemeji kwamba yuko kituoni. Nikachukua spana. Nilizitoa moja baada ya nyingine bila haraka, nikazifuta grisi, nikazirudisha kwenye vishikio vyake ubavuni mwa chemba, mahali zinapokaa siku zote. Nikatoka nikamwambia Kipimo sikuona kitu. Kwa hiyo mkaguzi hakusema uongo. Alilijaribu lori lililo zima, nililokuwa nimelitengeneza saa chache baadaye kuliko ilivyotakiwa.

Sikukusudia shemeji afungwe. Nilijiambia watamwachia, kisha nikajiambia miezi minane si mingi, kisha akatoka nikajiambia yamekwisha. Nilikuwa naleta unga na sukari nyumbani kwenu, nawe unanishukuru mbele yake. Yeye alikuwa ananikaribisha kiti. Mara moja aliniuliza, polepole, kama nina hakika valvu ile haikuwa na tatizo, nikamwapia kwamba haikuwa nalo. Na kweli haikuwa nalo. Tangu hapo hakuniuliza tena, na nadhani siku hiyo ndiyo alianza kuamini kwamba huenda akili yake ndiyo iliyomdanganya.

Ningeweza kunyamaza hata sasa. Barua yako ilinipa njia rahisi kabisa, ya kuandika neno moja, haiwezekani, nawe ungekuja na watoto ukae kwangu, unipikie, na kunisifu kwa wema. Nililiandika neno hilo, dada. Liko kwenye karatasi nyingine niliyoichana asubuhi hii.

Leo mchana nilimweleza Kipimo yote. Hakunipigia kelele. Aliifuata kadi ya kazi kwenye kabati, akaitazama tiki yangu kwa muda mrefu, akasema kesho saa mbili tutakwenda kituoni pamoja na kadi ataibeba yeye mwenyewe. Sijui watanifanya nini na sijajiuliza sana. Kwa mjane wa mlinzi nitakwenda nikiruhusiwa, nikikatazwa nitamwandikia. Barua hii naitia posta leo, kabla ya kituo, ili kesho nikiamka na moyo mwingine niwe sina pa kurudi.

Usiniombee msamaha kwa mtu, na wewe mwenyewe usiharakishe kunipa. Mama bado hajui. Mwambie taratibu, akiwa ameketi.

Nisalimie watoto, mkubwa kwa mdogo, na majirani wanaoniulizia. Shemeji usimpe salamu zangu. Msomee barua hii kuanzia mwanzo, wewe mwenyewe umwombe radhi kwanza kwa kutomwamini, na kama baada ya hapo ataniulizia, mwambie kwamba alivuta.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi wa breki