Risasi za Aina Moja

Dubai, 14 Juni

Mdogo wangu Roselyne,

Huku ni joto tu. Kila Jumamosi mimi huenda klabuni kujifunza kulenga shabaha kwa bastola. Nilitaka kununua kishikio kipya na risasi za bei ghali, kocha Marhun akacheka. "Khalas, basi, Fanuel. Anayeanza hutumia risasi za aina moja, ajue kosa ni lake."

Jumamosi ya mazishi ya Mama nilikuwa huko. Nililenga vizuri kuliko siku zote. Marhun alinipongeza, nami sikumwambia kuhusu mazishi.

Nilikuambia kazini wameninyima ruhusa. Sikuwaomba. Sijui kwa nini, na bado sijalia.

Kwetu kifungua mimba, kama mimi, ndiye hutangulia kutupa udongo kaburini. Kwa Mama alitangulia nani?

Kaka yako,
Fanuel