Koti Lililogoma Kutoka

Rukanga, 3 Juni 1985

Dada Wakesho,

Hujambo huko Nairobi? Sisi wazima, nyanya anakohoa kidogo ila ulimi bado mkali. Barua yako nimeisoma mara moja tu, ikaingia. Si kila aliyekomea kidato cha pili ana kichwa kikavu. Yaani ndani ya seli kuna protini zinashikana juu ya utando, zinaukunja mpaka unatoka kifuko chenye mzigo, kifuko kinakatika, kinasafiri. Kifuko ni puto, protini ni koti lake. Basi kwa somo lako la majaribio nakusukia koti la makonge ambalo hata mkaguzi wako atatamani kulivaa. Ukianguka tena wakufukuze chuo cha ualimu, usinitaje.

Mdogo wako,
Thadeus

Nairobi, 12 Juni

Mdogo wangu,

Nafurahi mko salama. Mpe nyanya pole. Kifurushi kimefika na treni, nami nimechoka na wewe. Umezungusha kamba moja ukakaza mafundo, kama nyanya anavyovisha kibuyu cha maziwa. Nilikuandikia vipande vidogo vya miguu mitatu, vishikane vyenyewe, maana kushikana kwao ndiko kunakokunja utando. Kifuko kikishakatika, koti linaachana na kuanguka. Lisipotoka, kifuko hakiungani na kule kiendako, mzigo unabaki ndani. Ukurasa wa pili wa barua yangu uliufanyia nini? Somo ni Ijumaa ya wiki ijayo. Suka upya.

Dada yako

Rukanga, 18 Juni

Dada,

Kifua cha nyanya kimepoa. Ukurasa wa pili niliuona, ulikuwa mrefu. Halafu nani amewahi kuvua kibuyu koti lake? Haya, vipande ndivyo hivi, na mafundo hakuna. Ningemaliza mapema, lakini Jumapili tulikuwa na mechi, na bila mimi hawana goli. Kesho navipeleka Voi, stesheni.

Thadeus

Nairobi, 22 Juni

Thadeus,

Natumaini u mzima, maana nataka kukupiga mwenyewe. Vipande vimefika leo. Somo lilikuwa jana.

Nilitumia lile koti la mafundo. Msichana mmoja, Mbithe, akauliza mzigo utatokaje. Nikavuta, fundo likakataa. Nikapitisha wembe, puto likapasuka. Darasa zima kicheko, mkaguzi akaweka kalamu chini. Nikawauliza wanafunzi kosa liko wapi. Mbithe akasimama: “Mwalimu, koti limegoma kutoka. Lingekuwa vipande, lingeachana lenyewe.”

Mkaguzi akachukua kalamu. Nimepita. Usithubutu kujisifu.

Dada yako

Rukanga, 28 Juni

Dada Mwalimu,

Nyanya anakusalimu, amepiga vigelegele hadi kikohozi kikarudi. Onyo lako limechelewa. Rukanga nzima wanajua tumepita.

Mdogo wako,
Thadeus