Safari Aliyoikataza Mchungaji

Jumatatu, 4 Mei

Binti yangu kipenzi,

Kuna jambo nimekuficha tangu mume wako azikwe. Siku ile, wakati wa janga la maradhi, alipopeleka mitungi ya oksijeni kwenye zahanati ya misheni kule mlimani, hakuwa peke yake. Nilikuwa naye garini.

Nimetanguliza hilo kabla ya salamu, unisamehe. Pumzi yangu siku hizi ni ya kuazima. Sasa nikujulie hali. Hujambo? Wajukuu zangu hawajambo? Mimi ni mzigo wa mifupa tu. Dada yako ananigeuza kama godoro linaloanikwa juani. Masikio yamekufa, simu siiwezi tena, ila mkono bado unanitii. Muuguzi anayenichoma sindano huja huko mjini mara kwa mara, ndiye atakayetubebea barua.

Nimesikia kwamba Jumamosi ya tarehe kumi na sita utasimama mbele ya baraza la kanisa, useme Mchungaji ndiye aliyemtuma mumeo, Breki wetu, kwenye kifo. Ukisema wewe, mjane, watamwachisha kazi siku hiyo hiyo. Nakusihi usiseme. Mchungaji hakumtuma. Wiki ile alikuwa amesimamisha safari zote za misaada. Mimi ndiye niliyemwendea mumeo.

Baba yako.


Ijumaa, 8 Mei

Shikamoo Baba,

Watoto hawajambo, mdogo ameng'oka jino na anadai fidia. Mimi mzima wa mwili. Moyo usiuulize.

Barua yako nimeisoma cherehani ikiwa imesimama na mteja akiningojea na suruali ya mguu mmoja. Baba, nakufahamu. Umekuwa katibu wa misheni tangu sijazaliwa. Ukiona mtu wa kanisa anazama unajitosa, hata kama kuogelea hujui. Safari hii sikubali. Mchungaji alisema kwa kinywa chake mbele ya jeneza: "Gari ni la kanisa, nitaulizwa mimi." Nilimsikia. Wewe hukuwepo, ulikuwa umelazwa.

Na ulilazwa kwa nini? Kwa sababu ulimuuguza Breki wangu kule stoo ya kanisa, ukamnywesha maji kwa kijiko wakati wengine wanamchungulia dirishani, mpaka ugonjwa ukakuangusha na wewe. Hilo nalitangaza mpaka leo. Wenzangu huniambia, "Baba kama huyo wamebaki wangapi?"

Usimbebee mtu msalaba wake. Pumzika.

Mwanao.


Jumatatu, 11 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Mpe pole mwenye jino.

Nisikilize basi, maana nawe umerithi ukaidi wangu. Mtawa anayeiongoza zahanati alituletea ujumbe: mitungi imebaki miwili, wagonjwa wanapokezana. Nikaenda kwa Mchungaji.

"Mzee, hakuna gari kutoka," akasema. "Tunangoja majibu ya vipimo vya watu wetu. Siku mbili tatu."

"Na wale wa mlimani wavute nini siku hizo mbili tatu? Maombi?"

"Tukiwapelekea ugonjwa pamoja na mitungi, tumewasaidia nini?"

Alikuwa sahihi. Lakini mwanangu, maisha yangu yote niliitumikia misheni kwa kalamu. Niliandika barua za kuomba sabuni, nikaandika barua za kushukuru kwa sabuni. Sikuwahi kumkabidhi mtu kipande kimoja kwa mkono wangu. Nikaona uzee umefika na nafasi ni ile moja.

Alfajiri nikamgongea mumeo. Nikamwambia Mchungaji ameruhusu.

"Kwa maandishi?" akauliza. Unamjua, hakuitwa Breki bure.

"Mwanangu, maandishi ndiyo mimi."

Akacheka, akachukua funguo. Angefanya nini? Baba mkwe hakataliwi.

Zahanatini mumeo hakuingia. Tulishusha mitungi getini, tukarudi nyuma, mtawa akatupungia mkono kutoka barazani. Mchungaji alipojua, nilikuwa tayari wodini. Alijitwika lawama pale kaburini ili usipoteze mume na baba siku moja. Tangu hapo amenyamaza kwa ajili yangu, nami nimemwacha anyamaze.

Usimvunje mtu huyo.

Baba yako.


Alhamisi, 14 Mei

Baba, shikamoo.

Tangu jana uzi hauingii kwenye sindano. Kumbe mume wangu alidanganywa na mtu aliyemwita baba. Hilo nitakuja kulilia mbele yako, si kwenye karatasi.

Lakini kuna kitu hakikai sawa. Kabla ya safari Breki alijifungia nyumbani nasi wiki nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyepiga chafya. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kulala stoo, kama mlivyokubaliana kwa madereva. Mlimani, unasema, hakuvuka geti. Basi ugonjwa aliupatia wapi? Uliota kwenye usukani?

Ama unamficha mtu, ama Mchungaji alimtuma mahali pengine usipotaka kupataja. Nijibu kesho kwa mkono wa muuguzi. Nisipopata jibu, Jumamosi nasimama na nasema nilichokusudia kusema. Usinitumie methali. Wala Zaburi.

Mwanao.


Ijumaa, 15 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Muuguzi amesimama mlangoni, amekataa hata kiti. Dada yako ananishikia ubao wa kuandikia, na nimemwomba atazame pembeni.

Wakati wa janga, aliyesimama na kipimajoto kwenye mlango wa stoo ni mimi. Hakuna aliyegusa gunia kabla sijampima. Mpishi wetu nilimrudisha kwao kwa joto dogo tu, mbele ya wenzake, akaenda akilia. "Kazi ya Bwana haifanywi na mtu mwenye homa," nilimwambia. Ila mpimaji hakupimwa na mtu.

Garini sheria ilikuwa vioo viwe wazi na barakoa zisivuliwe. Tulipoanza kupanda, mvua ikashika.

"Baba, mbona unatetemeka?"

"Baridi ya mlima. Nifungie vioo, mwanangu."

Mkono wake ulisita. "Sheria, Baba."

"Sheria niliiandika mimi. Funga."

Angekuwa mwingine, Breki angebisha mpaka juu. Kwangu alifunga. Baadaye barakoa ikanibana pumzi, nikaishusha. Hakunikemea. Alianzisha wimbo ili nisione aibu, nami nikaitikia, vioo vimefungwa, mpaka getini. Kule stoo sikumuuguza kwa ushujaa. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Ulinisifu kwa watu nami nikazipokea sifa. Kesho soma barua hii mbele ya baraza, yote, mpaka mwisho. Mchungaji hana neno lake humu la kujitetea, na hahitaji.

Sikuambukizwa na mume wako. Alfajiri ile, kabla sijamgongea mlango, nilijipima peke yangu stoo. Nilikuwa na homa. Nilijua, na nikapanda gari.

Baba yako.